Msimhukumu Dereva Kabla ya Kupima Umeme

Nyumba ya askari ina shida moja ambayo nyumba nyingi hazina, nayo ni kwamba mwenye mali huwa mbali na mali yake. Mwalimu hulala karibu na shule yake na mkulima hulala karibu na shamba lake, lakini askari huacha nyumba, ng'ombe, watoto na motokaa, akaenda anakotumwa, na habari za vitu hivyo humfikia kwa simu baada ya mambo kwisha kuharibika. Anayebaki nyumbani hupata mizigo miwili. Kwanza inampasa kuitunza mali ya mwenzake. Pili inampasa kuwa mwamuzi, kwa sababu kila kitu kinapoharibika watu hutafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi anayeshikwa ni yule aliye karibu zaidi na asiye na wa kumtetea.

Makala haya yahusu motokaa moja ya namna hiyo. Nayaandika kwa ajili ya kurasa za nyumbani, kwa kuwa jambo lenyewe, ingawa lilikuwa la nyaya na fyuzi, lilikaribia kuvunja undugu wa watu waliokuwa wakila sahani moja.

Mimi ni mtumishi wa Serikali katika ofisi ya wilaya, upande wa elimu, hapa magharibi mwa Uganda. Nilisomea ualimu nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamishiwa ofisini. Kaka yangu ni askari. Alikwenda Somalia mara ya kwanza pamoja na kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM, ambacho Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kukipelekea majeshi, mwezi wa Machi 2007. Yeye alikwenda miaka mingi baada ya hao wa kwanza. Kwa akiba ya safari hiyo alinunua pikapu ya dizeli, na mkewe, yaani shemeji yangu, akaanzisha nayo kazi ya kukusanya maziwa katika vijiji vya Kiruhura na kuyafikisha kwenye tangi la kupozea mjini Mbarara. Dereva alikuwa mtoto wa shangazi yetu, kijana wa miaka 22, mpole, mwenye leseni halali, ambaye hakuwa na kazi nyingine.

Kila anayejua biashara ya maziwa anajua kwamba adui wake ni saa. Maziwa yakishakamuliwa yanabaki na joto la ng'ombe, na katika joto hilo vijidudu huzaliana upesi sana. Yasipofika penye ubaridi mapema, tangi litayakataa, na mkusanyaji atarudi nyumbani na hasara huku wakulima wakimdai. Kwa hiyo pikapu yetu ilipaswa kuondoka kabla ya alfajiri, gizani, ikiwa na taa nzuri na betri yenye nguvu.

Mwezi wa Oktoba 2023 kaka alikuwa Somalia kwa mara ya pili, chini ya kikosi cha ATMIS kilichochukua mahali pa AMISOM mwaka 2022 na kumaliza muda wake mwisho wa mwaka 2024. Mvua zilikuwa zikinyesha sana. Asubuhi moja pikapu haikuwaka, kwani betri ilikuwa imekufa kabisa. Ikasukumwa, ikatoka kwa kuchelewa. Baada ya siku tatu ikawa vilevile. Katikati ya siku hizo ilikuwa ikiwaka vizuri kama kwamba haina ugonjwa. Kisha yakazuka mambo ya ajabu zaidi: vipangusio vya kioo vilianza kucheza bila mvua, milango ikajifunga na kujifungua yenyewe, na alfajiri moja, kwenye kona, taa kubwa zilizimika ghafula kwa muda wa kufumba na kufumbua, zikawaka tena. Kijana alisimama kando ya barabara akingoja kupambazuke. Siku hiyo tangi liliyakataa maziwa ya makopo manne.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani mmoja mwanamke alimwambia shemeji kwamba usiku, kama saa sita hivi, alikuwa ameona taa ya ndani ya pikapu inawaka. Shemeji akaunganisha mambo. Akasema kijana huyu huingia garini usiku kusikiliza redio na kuchaji simu, au pengine hulitoa kwa siri kubebea watu, ndiyo maana betri inakufa. Akaapa kumfukuza. Kijana alipoulizwa alisema hakuingia. Alipoulizwa mara ya pili alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri.

Niliitwa kama mtu wa upande wa kaka. Nikamwambia shemeji maneno haya: "Shemeji, jirani hakusema uongo, taa ameiona. Lakini ameona taa, hakumwona mtu. Nipe siku chache tulipime gari kwanza. Likisema kijana ana makosa, mimi mwenyewe nitampeleka kwa shangazi." Shemeji akakubali kwa shingo upande, lakini kijana akasimamishwa kazi, na pikapu nyingine ikakodiwa ili wakulima wasipotee. Kodi hiyo ilikuwa ikila faida yote ya kila siku.

Wakati huohuo wauza betri walikwisha sikia. Mmoja alisema bila hata kufungua boneti kwamba betri imezeeka na inunuliwe mpya. Nilikwenda badala yake kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka karakana ya jeshi, ambaye sote humwita Afande. Yeye hakutaja kipuri chochote. Aliuliza kwanza gari linalazwa wapi, lilifanyiwa nini mwaka uliotangulia, na mambo hayo hutokea siku za mvua au za jua. Kisha akatoa mita yake ya umeme, kifaa kidogo cha mkononi.

Yafaa nieleze hapa jambo ambalo wengi hatulijui juu ya motokaa za siku hizi. Katika motokaa za zamani umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukafika kwenye swichi, na kutoka hapo ukaenda moja kwa moja kwenye taa. Ukibonyeza swichi, umeme wenyewe unapita chini ya kidole chako. Taa ikikataa, unaufuata waya mpaka unakuta palipokatika. Siku hizi sivyo. Swichi hupeleka ujumbe tu, mfano wa karani anayepeleka barua kwa mkubwa. Barua hiyo hupokewa na sanduku dogo la plastiki lenye kompyuta ndani, nalo ndilo linalotoa amri ya kuwasha taa, kupiga honi, kuendesha vipangusio, kufunga milango na kupandisha vioo. Katika magari mengi sanduku hilohilo huutambua ufunguo na kuruhusu injini iwake. Jina lake ni moduli ya kudhibiti bodi. Mafundi wetu huyaita masanduku yote ya namna hii kontroli boksi, lakini ile ya injini ni nyingine na hii ya bodi ni nyingine.

Masanduku haya huzungumza yenyewe kwa yenyewe kwa njia ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaratibu wa mazungumzo hayo, unaoitwa CAN, ulibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa katika mkutano wa wahandisi huko Detroit, Marekani, mwaka 1986. Faida yake ilikuwa kupunguza nyaya, kwa sababu mambo mengi yaliyotaka waya wake kila moja yangeweza sasa kupita katika njia moja. Lakini kila faida ina gharama yake. Sanduku moja likiugua, dalili zaweza kuonekana mahali pengi ambapo kwa macho havihusiani: taa, mlango, kipangusio na betri.

Afande alianza na betri. Aliijaza usiku kucha, akaiacha ipumzike, akaipima. Ikasoma volti 12.6, nacho ndicho kipimo cha betri iliyojaa na yenye afya. Injini ilipowashwa ikasoma volti zaidi ya 14, maana yake altaneta ilikuwa inachaji sawasawa. Akasema, "Mwalimu, betri haina kosa. Anayeua betri yuko ndani, na hufanya kazi yake usiku. Basi tutamlinda usiku."

Jioni ile tulikusanyika uani: Afande, shemeji, mimi, na kijana, ambaye nilimwita makusudi. Afande aliuchomoa waya hasi wa betri, akaiweka mita katikati ya betri na waya huo, ili kila umeme unaotoka upite kwanza kwenye mita na kuhesabiwa. Milango ikafungwa, ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe. Alitueleza kwamba motokaa ikishazimwa haizimiki mara moja. Masanduku yake hukaa macho kwa dakika kadhaa, kisha moja baada ya jingine hulala. Baada ya kulala, umeme unaotumika hupaswa kuwa mdogo sana, kwa kawaida chini ya sehemu hamsini za elfu moja za ampea.

Mita ilishuka polepole, na baada ya kama dakika arobaini ikasimama kwenye thelathini. Shemeji akamtazama kijana, kama mtu asemaye: umeona, gari halina kitu. Tukanywa chai. Mvua ndogo ikapita. Saa nne kasoro kidogo ya usiku, wakati sote wanne tumeketi barazani na hakuna aliyeligusa gari, tulisikia kufuli za milango zikilia. Taa ya ndani ikawaka. Mita ikaruka kutoka thelathini hadi ampea tano na ushee.

Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Afande akafanya hesabu kwa sauti, kama mwalimu ubaoni: ampea tano kwa saa nane za usiku ni ampea-saa arobaini, na betri yetu ilikuwa ya ampea-saa sabini, zaidi ya nusu imekwisha kabla ya jogoo kuwika, na injini ya dizeli haiwashwi kwa kilichosalia. Usiku ambao sanduku lililala vizuri, asubuhi gari liliwaka. Usiku lilipoamka lenyewe, asubuhi gari lilikuwa maiti. Na taa aliyoiona jirani ilikuwa taa ya kweli, isiyowashwa na mtu yeyote.

Kijana aliinamisha kichwa akalia. Shemeji aliinuka akaingia ndani. Nilifikiri amekasirika, kumbe alikwenda kumletea chakula, kwa maana tangu asimamishwe kazi alikuwa haingii jikoni kwake.

Afande hakuishia hapo, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Mita ingali inasoma ampea tano, alichomoa fyuzi moja moja na kuirudisha. Alipofika kwenye fyuzi ya moduli ya bodi, hesabu ikaanguka karibu na sifuri. Mimi nilidhani kesi imekwisha. Yeye akasema, "Fyuzi imetuonyesha mtaa, bado hatujaijua nyumba." Akaeleza kwamba sanduku hupokea habari kutoka swichi za milango, swichi ya taa na mahali pengine, na mojawapo ya hizo ikitoa habari ya uongo, sanduku litaamka kwa haki. Wengi hununua moduli mpya kwa bei kubwa, kumbe kosa lilikuwa la swichi ya mlango au la waya wa ardhi wenye kutu.

Kwa hiyo siku iliyofuata alipima umeme unaoingia kwenye sanduku, ukawa kamili. Akapima waya wa ardhi unaoliunganisha na bodi, akakuta hakuna upotevu wa maana. Akauchomoa waya wa betri, akapima ukinzani wa zile nyaya mbili za mazungumzo kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, tundu la 6 na la 14, akapata omu sitini, kipimo kilicho sahihi, kwa kuwa kila mwisho wa njia hiyo huwekwa kikinza cha omu 120 na viwili hivyo kwa pamoja hutoa sitini. Usiku wa pili akarudia ulinzi akiwa amezichomoa swichi zote za milango na ya taa. Sanduku likaamka tena. Sasa lilikuwa halina shahidi wa kulitetea.

Ndipo likatolewa. Aliuacha waya hasi wa betri nje kwa muda wa kutosha kabla ya kugusa kitu, kwa sababu mifuko ya hewa ya kuokoa abiria huhifadhi umeme kwa dakika kadhaa, na mtu mwenye haraka aweza kuifyatua usoni pake. Sanduku lilikuwa nyuma ya ubao wa plastiki karibu na miguu ya abiria. Lilipotoka tulikuta alama ya maji imeshuka juu yake kama njia ya machozi, na katika meno ya shaba ya viunganishi vyake palikuwa na kutu ya kijani.

Maji yalitoka wapi? Afande aliniweka chini ya dashibodi na tochi, yeye akamimina maji kwa jagi juu ya kioo cha mbele. Tone la kwanza likaniangukia mkononi. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa mwaka uliotangulia katika gereji moja, na gundi haikushika kwenye pembe. Isitoshe, gari lililazwa chini ya mfenesi, na majani yalikuwa yameziba mifereji iliyo chini ya vipangusio, hata maji ya mvua yakatuama pale na kutafuta pa kupita.

Fundi akaliosha sanduku kwa spiriti safi na brashi laini, akalikausha, akalirudisha. Lilifanya kazi siku nne, kisha likarudia tabia yake. Njia nyembamba za shaba zilikuwa zimekwisha liwa. Hapana budi libadilishwe.

Sasa likaja suala la fedha. Mfanyabiashara mmoja wa Kampala alitwambia kwa simu kwamba analo lililotoka katika gari lililobomolewa, kwa theluthi ya bei ya jipya. Akasema, "Chomekeni tu, litafanya kazi." Afande akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba sanduku lililotumika huja na kumbukumbu zake: hukumbuka namba ya utambulisho ya gari lake la kwanza, yenye herufi na tarakimu 17, na katika magari mengi hukumbuka pia funguo za gari hilo. Ukilichomeka katika gari jingine, injini yaweza kukataa kuwaka kwa kudhani inaibwa. Baadhi yaweza kufundishwa upya, mengine hayakubali kabisa. Tena namba ya kipuri iliyoandikwa juu yake lazima ilingane na ya zamani mpaka herufi ya mwisho, kwani masanduku mawili yaweza kufanana kwa sura kama mapacha, kumbe moja ni la gari lenye vioo vya umeme na jingine sivyo.

Tulimpigia kaka usiku. Alisikiliza yote, akauliza kwanza juu ya kijana. Kisha akasema, "Mama watoto ndiye mwenye kazi. Mwulizeni yeye, mimi nitakubali." Shemeji alikuwa na akiba katika kikundi cha akina mama, aliyoiweka kwa ajili ya karo ya Februari. Alichukua daftari lake, akaandika upande mmoja bei ya sanduku jipya na upande mwingine kodi ya pikapu ya kukodi kwa kila siku. Akaona kwamba kuchukua la rahisi likakataa, halafu kurudi kununua jipya, kungemla zaidi. Akasema, "Maziwa hayangoji majaribio. Tununue jipya, karo nitairudisha kwa safari za Novemba na Desemba." Lakini akaweka sharti, nalo likanipendeza: kioo kigundishwe upya kwanza na kumwagiwa maji mbele yake, ndipo sanduku jipya litiwe ndani. Sanduku la fedha nyingi chini ya paa linalovuja ni sawa na kuanika nguo mvuani.

Kazi ya mwisho Afande hakuifanya. Alisema wazi, "Mimi ninaishia hapa, pana haja ya kompyuta." Akamwita binti mmoja fundi kutoka Kampala, kiasi cha kilomita 270, akaja kwa basi na sanduku jipya na mashine yake. Mzee na binti walifanya kazi pamoja kwa heshima. Kabla sanduku la zamani halijang'olewa, binti alisoma maandishi yaliyomo, yaani mpangilio wa gari letu, akayahifadhi. Akaunganisha chaja kwenye betri, akieleza kwamba umeme ukipungua katikati ya kuandika, sanduku jipya laweza kufa kabla halijazaliwa. Kisha akaliweka jipya, akaandika ndani yake namba ya gari na mpangilio ule, mwisho akaufundisha kuutambua ufunguo. Akajaribu taa zote, honi, vipangusio, vioo na kila mlango, na akafuta alama za kasoro zilizobaki katika masanduku mengine.

Palitokea jambo moja la kuchekesha. Aliuliza ufunguo wa pili uko wapi. Ulikuwa Somalia, ndani ya begi la kaka, ambaye huubeba kama ukumbusho wa nyumbani. Binti akasema kwa gari hili ufunguo mmoja watosha kumaliza kazi, lakini ule wa Somalia hautawasha injini mpaka nao ufundishwe. Shemeji akacheka kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, akasema, "Vyema. Akirudi ataniomba ruhusa."

Usiku ule mita iliwekwa tena, na kijana ndiye aliyeachiwa kuilinda. Ilisimama kwenye ishirini na tano mpaka asubuhi. Shemeji alimlipa mishahara ya siku zote alizosimamishwa, na alimlipa mbele ya yule jirani, kwa maana aibu iliyotolewa hadharani haifutwi chumbani. Jirani naye alikuja na ndizi, ingawa yeye hakuwa na kosa ila la kuona nusu ya jambo.

Ndugu zangu mnaobaki nyumbani wakati wenzenu wako kazini, nawaomba myashike machache. Wekeni daftari la gari, mwandike kila kilichofanywa, tarehe na fundi, na hali ya hewa ya siku ambayo hitilafu ilitokea. Daftari letu ndilo lililotuonyesha kwamba asubuhi zote mbaya zilifuata mvua. Safisheni majani yaliyo chini ya vipangusio kila wiki. Mkanyage zulia la upande wa abiria kwa mkono, na mkikuta unyevu, tafuteni njia ya maji siku hiyohiyo. Fundi akitaja kipuri kabla ya kupima, mwulizeni amejuaje. Akisema moduli imekufa, mwulizeni kama amekwisha pima umeme unaoingia, waya wa ardhi na swichi zinazoipa habari. Fundi wa kweli hataudhika, atafurahi kupata mwenye gari anayesikiliza.

Nanyi mlio polisi mnalijua hili kuliko sisi: shahidi aweza kusema kweli tupu, na bado asiye na hatia akafungwa, kama hakuna aliyejitaabisha kupima. Nyumbani hakuna hakimu wala rufani. Kijana akifukuzwa kwa jina la mwizi, jina hilo humfuata mpaka kwenye kazi nyingine, na undugu ukishakatika haupatikani dukani, mpya wala uliotumika. Huyu wetu angali anaendesha pikapu ile, na lile sanduku la zamani lenye kutu ya kijani shemeji ameliweka juu ya kabati la vyombo. Mtu akimletea maneno juu ya mfanyakazi, humwonyesha kwanza.